Ziwa Lina Wenyewe

Njia ya kwenda Morskie Oko ni lami tupu, mwanzo hadi mwisho. Bora niseme mapema, maana mtu akisikia habari za ziwa la milimani huanza kujiona anashika mizizi, anaruka vijito na kuteleza kwenye tope. Hapa unashuka garini Palenica Białczańska, kusini kabisa mwa Poland, mpakani na Slovakia. Unakata tiketi ya hifadhi dirishani, kisha unaifuata barabara pana kwa kilomita 9 hivi. Tangu getini hadi ziwani unapanda kama mita 400 tu. Mtoto wa chekechea anaimudu, na Jumamosi ile ya Agosti watoto wa chekechea walikuwepo kweli, pamoja na wadogo zao ndani ya vigari vya kusukuma, bibi zao wenye fimbo, masista waliovaa raba chini ya majoho meusi, na kijana mmoja aliyebeba spika begani akitulazimisha sote kusikiliza muziki wake.

Nilikuwa nimeonywa. Mwenyeji wangu, binti wa Tanga anayesomea udaktari Kraków, aliniambia tangu usiku wa kuamkia safari: "Kaka, ukitaka ukimya, baki ulale. Kule kumejaa." Tukatoka Kraków alfajiri kwa basi la Zakopane, mji wa watalii ulio chini ya milima ya Tatra, umbali wa kilomita 100 hivi. Pale Zakopane unahamia kwenye vibasi vidogo vya Palenica, na hivyo havijali saa, vinaondoka vikijaa. Dereva ndiye konda. Nauli unampa mkononi, chenji anakurudishia huku anakata kona. Tangu nitue Poland sikuwa nimejisikia nyumbani kiasi kile.

Nchi yenyewe haikuwa ngeni kwangu moja kwa moja. Nimekulia Arusha, na pale Tengeru, jirani na Ziwa Duluti, kuna makaburi ya Wapolandi yanayokaribia 150. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wasovieti waliwang'oa watu hawa makwao kwa malaki, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa mwaka 1941 wengi walipitia Iran, na kutoka huko wanawake na watoto wakapakiwa melini hadi Afrika Mashariki. Kuanzia 1942 Tengeru ikawa kambi yao kubwa kuliko zote barani, watu 5,000 hivi, wakiwa na shule, kanisa na mashamba yao. Utotoni nilikuwa nikisoma majina kwenye mawe yale, yenye herufi za mikia na vistari, bila kujua yanatamkwaje. Sasa barabarani nikayasikia majina ya namna ile ile yakiitwa kwa ukali: mama mmoja anamgombeza Zofia aache kumshika farasi.

Farasi ndio ugomvi mkubwa wa barabara hii. Siku ile asiyetaka kutembea alipanda gari la farasi wawili. Lilimfikisha Włosienica, na kutoka hapo hata aliyelipa ilimbidi amalizie kwa miguu. Watetezi wa wanyama wanasema farasi hawa wanazidishiwa mzigo, tena kwenye joto na juu ya lami ngumu. Wenye farasi wanajibu kwamba wanyama wao hukaguliwa na madaktari wa mifugo, na kwamba kazi hii wameirithi kwa baba zao. Mazungumzo ya kuleta mabasi ya umeme yalichukua miaka, na mabasi yenyewe yalikuwa yamekwisha kufanyiwa majaribio.

Mimi si mtu wa farasi. Lakini gari moja lilitupita taratibu kwenye mwinuko mkali, nikapata muda wa kutazama. Povu jeupe lilikuwa limetanda chini ya mkanda wa kifuani. Kwato ya nyuma iliteleza kidogo juu ya lami, ikasaka pa kukanyaga, ikapata. Juu ya benchi vijana wanne wenye afya zao walikuwa wanalamba aiskrimu. Kando yao alikaa mzee mmoja aliyenyoosha mguu mbele kama gongo, mkewe akiwa ameushika usiyumbe. Kwa ajili ya mzee yule liletwe basi la umeme hata kesho. Wale wanne washushwe.

"Kaka, hebu mwangalie kofia," dada wa Tanga akaninong'oneza.

Dereva wa gari lililofuata alikuwa amevaa kama wavaavyo watu wa milima hii: suruali nzito ya sufu nyeupe iliyotariziwa mapajani, kizibao, na kofia nyeusi ya pama. Kofia ilizungushiwa ukanda mwekundu, na juu ya ukanda, mstari mzima, kauri. Kauri zetu hizi hizi za Bahari ya Hindi, ndogo, nyeupe, midomo imetazama nje. Ni pambo lao la siku nyingi. Kofia ya mwanamume wa milimani haikamiliki bila hizo. Toka pale hadi bahari yenye joto ni mbali mno, na kauri haiishi kwenye maji ya baridi. Zililetwa na biashara, na biashara ya kauri ilikuwa kubwa: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wakizipakia Zanzibar kwa shehena nzima na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Mwenyeji wangu hakutaka maelezo. Alikata shauri papo hapo kwamba zile ni za Tanga, akamsabahi dereva kwa Kipolandi kama mtu wa nyumbani. Dereva akagusa kofia, akapita.

Kama saa moja baada ya kuanza unafika kwenye daraja la maporomoko ya Wodogrzmoty Mickiewicza. Watu wote husimama hapo, hupiga selfi, husonga mbele. Maporomoko yenyewe si makubwa. Nilichokipenda ni kwamba yamepewa jina la mshairi, Adam Mickiewicz. Ziwa letu kubwa kuliko yote bado linaitwa Victoria.

Baada ya hapo barabara inapinda pinda ndani ya misonobari, na kwa saa nzima huoni cha maana isipokuwa migongo ya watu. Sitawadanganya, kipande hicho kinachosha, na si kwa mwinuko, ila kwa kuwa kila ukiinua macho unaona kisogo kile kile. Kuna mahali dada wangu alitoa maandazi kwenye kopo tukala huku tunatembea. Mama mmoja akauliza ni nini, akapewa moja, akalisifu, akataka kujua limekaangwa kwa mafuta gani. Akaambiwa kuna iliki ndani. Hapo ikawa hadithi ndefu ambayo sikuifuata.

Ziwa halionekani hadi umelifikia. Zamani barafu nene ilishuka kutoka vileleni, ikachimba bonde na kusukuma mbele yake kifusi cha mawe. Ilipoyeyuka, kifusi kikabaki kama ukuta, na nyuma ya ukuta maji. Nyumba ya wapanda milima imejengwa juu ya kifusi hicho, kwa hiyo unapanda, unazunguka pembe ya nyumba, na ghafla pana kila kitu kwa mkupuo. Maji ya kijani kibichi pembeni, ya bluu nzito katikati. Nyuma yake ukuta wa mwamba unaopanda zaidi ya mita 1,000 juu ya maji bila kujali kuweka ngazi. Madoa ya theluji yamejificha kwenye nyufa hata mwezi wa nane. Upande wa kulia kimesimama kilele cha Mnich, chembamba, kimejiinamia kama mtawa mwenye kofia ya joho, na kushoto, nyuma kabisa, Rysy, chenye mita 2,499, ambacho kwa Wapolandi hakuna cha kukizidi nchini mwao.

Nilisema kwa sauti, "Loo." Mtu wa pembeni yangu naye akasema lake kwa Kipolandi, na lilikuwa lile lile.

Ziwa liko mita 1,395 juu ya usawa wa bahari. Ndilo kubwa kuliko yote ya Tatra, ingawa kwa mtu wa nchi ya maziwa makuu ni dimbwi: ukubwa wake hekta 34 na nusu, kina mita 51. Wazee wa huku walisimulia kwamba chini yake kuna njia ya maji inayokwenda moja kwa moja hadi baharini. "Basi wangevua changu," akasema mwenyeji wangu, na alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe akichungulia. Samaki wamo, lakini ni trauti, wa maji baridi. Mmoja alipita chini ya jiwe letu, mgongo wa rangi ya kokoto, akasimama dhidi ya mkondo usioonekana akitikisa mkia tu. Watoto watano walimwagika kando yetu kumwona. Akaondoka.

Nyumba ya wapanda milima ilifunguliwa mwaka 1908, mawe chini, mbao juu. Ndani kulikuwa na foleni iliyoanzia kaunta, ikapita kati ya meza, ikatoka mlangoni na kushuka ngazi. Watu hupanga foleni hiyo kwa ajili ya keki ya tufaha. Tulisimama kama wengine. Supu ya kabichi iliyochachushwa ilinukia vizuri, ila hupikwa na nguruwe, na mwenyeji wangu ni Mwislamu wa Tanga, kwa hiyo tulinunua keki na kuishushia kwa chai ya chupa yetu. Hakuna anayekukataza kula chako. Ukitaka maji ya moto tu wanakupa. Keki ilikuja ya moto, matufaha yamelainika na kuchanganyika na mdalasini, ganda la juu linavunjika kwa uma. Niwe mkweli: inastahili foleni.

Hapo mezani, tumebanana na familia ya watu saba, ndipo niliposimuliwa kesi ya ziwa hili. Baba wa familia alisema Kiingereza cha kuokoteza, mwenyeji wangu akatafsiri palipokwama. Habari yenyewe inajulikana na kila mwanafunzi nchini mwao.

Kuanzia 1795 hadi 1918 Poland haikuwemo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria waliigawana. Zakopane ikaangukia Galicia, chini ya Austria, na ng'ambo ya vilele ikawa Hungary. Mfalme alikuwa mmoja, lakini mpaka wa huku juu haukueleweka. Mwenye ardhi wa upande wa Hungary, kabaila mmoja wa Kijerumani wa ukoo wa Hohenlohe, akadai sehemu ya ziwa na bonde lake. Watu wake na wenyeji wa Zakopane wakawa wanagombana msituni. Mwaka 1889 shamba zima la Zakopane likapigwa mnada, nalo likanunuliwa na Władysław Zamoyski, tajiri aliyevaa makoti yaliyochakaa. Akazuia misitu isimalizwe kukatwa, akaing'ang'ania kesi. Mwaka 1902 mahakama ya usuluhishi ikakaa Graz, Austria. Profesa wa sheria Oswald Balzer aliitetea Galicia kwa lundo la nyaraka za kale, na ziwa likabaki upande wa Zakopane. Ile lami tuliyoipanda asubuhi inaitwa Barabara ya Oswald Balzer. Watu wasio na nchi walikuwa wameshinda ziwa.

Ukiijua habari hiyo, foleni inabadilika sura. Nilikuwa nimefika na lugha ya vitabu vya watalii kichwani: pazuri ila pamejaa, nenda mapema, epuka Jumamosi. Lakini hawa waliopajaza ni nani? Nilisikiliza lugha siku nzima. Wageni tulikuwepo, Waslovakia, Wacheki, Waarabu wa Ghuba ambao siku hizi wanaipenda Zakopane, na sisi wawili. Walio wengi hawakuwa sisi. Waliojaa walikuwa wenye ziwa. Bibi yule mwenye fimbo hakuja kutalii. Alikuja kukagua mali yake na kuionyesha kwa wajukuu, na akala keki kwa kuwa aliila hapo alipokuwa msichana.

Ikanibidi nifikirie mlima wangu, Kilimanjaro. Mwaka ule ule wa 1889 Zamoyski aliponunua Zakopane, mwezi Oktoba, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na Meyer akakiita kwa jina la Kaisari Wilhelm. Jina hilo lilidumu hata Wajerumani walipokwisha kuondoka. Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera juu, na kilele kikawa Uhuru. Habari hiyo nayo kila mwanafunzi wetu anaijua. Lakini simama getini Marangu asubuhi yoyote ya msimu. Wanaopanda ni wageni. Sisi tupo pia, tena wengi kuwazidi: ni wagumu (wapagazi), waongozaji na wapishi, mzigo kichwani na sufuria mgongoni. Raia hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo sababu yote si pesa. Nina marafiki Moshi ambao wameuona mlima kila siku ya maisha yao kutoka uani na hawajakanyaga hata msitu wake. Ukiwauliza, watakwambia ule ni mlima wa wazungu. Wanasema bila uchungu, kama mtu anavyosema lile ni duka la Mpemba.

Sisemi tutie lami hadi Kibo. Lami ya Morskie Oko ina gharama zake, na farasi wale wanailipa. Ila nilipomtazama mtoto wa miaka minne akilia kwa uchovu mbele ya mandhari ambayo taifa lake liliipeleka mahakamani, nilimwonea wivu.

Alasiri tukapanda Czarny Staw. Ni ziwa la pili, mita 1,583, moja kwa moja juu ya lile la kwanza, na njia yake inaanzia ng'ambo ya maji. Hapa hakuna lami. Ni ngazi za mawe makubwa yasiyolingana, magoti yanapanda hadi kifuani. Robo tatu ya umati inaishia chini. Na jambo moja likabadilika ghafla: watu wakaanza kusalimiana. Barabarani kule maelfu tulipishana bila neno, maana ungesalimia hadi koo likauke. Huku juu kila anayeshuka anakuangalia usoni na kusema "dzień dobry", mzee kwa mtoto, naye mtoto anaitikia. Ndiyo desturi ya milimani kwao. Dada wangu akawa anawajibu wote kwa furaha huku anahema, na mara mbili tatu, pumzi zilipomwishia, akaitikia "marahaba", na watu wakalipokea vizuri tu.

Juu kuna msalaba wa chuma uliowekwa mwaka 1836, na maji meusi kweli, ya baridi ya kuuma vidole. Kutoka ukingoni unaliona ziwa la kwanza lote kwa chini, na nyumba ya keki imebaki kiberiti. Wenye helmeti walikuwa wanateremka kutoka Rysy, njia ya minyororo, nyuso zimewiva kwa jua. Tulikaa mpaka wingu la kijivu lilipoziba Mnich na radi ikanguruma nyuma ya ukuta. Radi za Tatra mchana wa kiangazi si za kuchezea. Tukashuka upesi.

Mvua ilitukuta Włosienica. Magari ya farasi yalikuwa na foleni ndefu kuliko ya keki, watu wamejifunika mifuko ya plastiki. Magazeti ya Poland hayakosi habari za waliochelewa gari la mwisho wakaona bora wawapigie simu waokoaji, kikosi cha TOPR kilichoundwa mwaka 1909 kuokoa watu walioanguka majabalini, waje kuwachukua kwenye lami kwa sababu giza limeingia. Sisi tulitembea. Yule kijana wa spika alitupita tena, safari hii ameikumbatia ndani ya koti isilowe, kimya.

Kwenye kibasi dada wa Tanga alivua viatu akaanza kupiga hesabu. Desemba anakwenda nyumbani. Ana shangazi watatu, mama yake, na watoto wa kaka. Marangu inaruhusu kupanda hadi kambi ya Mandara na kurudi siku hiyo hiyo, unapita msitu tu, na ukitaka unaendelea kidogo hadi kreta ya Maundi.

"Shangazi wa Tanga wapande Kilimanjaro?" nikamuuliza. "Watasema unawatafutia homa ya mapafu."

"Kwani hawa bibi wa leo walikuwa na mapafu ya chuma? Tatizo ni viatu. Shangazi mkubwa havui kandambili."

"Tutamnunulia raba Moshi."

"Na pilau. Wale hawaendi mahali bila pilau."

Nikamwambia pilau ya watu kumi, na hotipoti zake, ni mzigo wa mtu mzima kwenye njia ile, na vitumbua na chai vinatosha. Akasema nitaibeba mimi, kwa kuwa mlima ni wa kwetu Kaskazini. Nikasema mpunga ni wa kwao. Tulibishana hivyo kona hadi kona, na tulipoteremka Zakopane hatukuwa tumekubaliana, basi la Kraków likawa limebakiza viti viwili vya nyuma kabisa.